Ripoti ya CERN tuliyochekea nayo watu bila kuisoma

Mwaka 2022, mwezi wa saba, odio moja iliingia katika grupu ya familia yetu. Sauti ya mwanaume, na muziki wa kanisa nyuma yake, ilisema kwamba tarehe 5 wazungu wa Uswisi watawasha mashini ya kufungua mlango wa kuzimu, kwamba mbele ya nyumba yao wamesimamisha sanamu ya mungu wa uharibifu, na kwamba shimo jeusi litatokea pale na kuimeza dunia nzima. Mama mukubwa, dada ya mama yangu, mwenye kuuza unga wa muhogo huko Kadutu, akaniandikia pembeni: «Mutoto yangu, weye njo ulisoma. Hii mambo iko kweli?»

Nikamtumia vile visura vitatu vya kucheka na maneno mawili: «Mama, achana nazo.»

Hakuniuliza tena. Nilipofika kwake wiki mbili baadaye, binamu yangu ndiye alinieleza kwamba usiku ule mama mukubwa hakulala. Alikesha sebuleni akiomba, taa imewashwa, watoto wote amewalaza karibu yake kwenye mkeka. Asubuhi dunia ilikuwa palepale, akabeba unga wake akaenda soko. Mimi usiku ule nililala vizuri kabisa. Na kama angeniuliza ninajuaje kwamba hakuna hatari, ningesema «wasayansi wamehakikisha», basi. Wasayansi gani, wamehakikisha nini, kwa njia gani, sikujua. Nilikuwa na imani yangu naye alikuwa na yake, tofauti ni kwamba mimi nilicheka.

Nilisoma kilimo, si fizikia, nina lisansi tu. Lakini hatimaye niliitafuta ile ripoti ya usalama ambayo CERN ilitoa mwaka 2008, ambayo sisi wasomi tunaitaja bila kuifungua, nikaisoma pole pole, nikirudia kurasa nyingine mara tatu. Si ndefu. Nataka kuisema hapa kama kazi ya kuandikwa: inajibu nini, inajibu vizuri wapi, na wapi inamwacha mama mukubwa nje.

Kwanza tuondoe yale mepesi. Sanamu iko kweli. Ni Shiva akicheza, zawadi ya serikali ya India ya mwaka 2004, juu wanafizikia wa India wanafanya kazi pale tangu zamani. Mashini nayo ni bomba la duara la kilometa 27, chini ya ardhi kiasi cha meta 100, kwenye mpaka wa Ufaransa na Uswisi karibu na Geneva. Ndani yake wanakimbiza protoni, zile chembe za ndani ya atomu, upande huu na upande ule, halafu wanazigonganisha uso kwa uso ili kuona kinachotoka. Tarehe 5 mwezi wa saba 2022 haikuwa siku ya kuwashwa mara ya kwanza. Walikuwa wanaanza tena baada ya miaka zaidi ya mitatu ya matengenezo, kwa nguvu iliyozidi kidogo ile ya zamani. Migongano ya kwanza ilikwisha kufanyika mwezi wa kumi na moja 2009.

Hapo pana kitu ambacho ningependa mama mukubwa angekijua. Siku ambayo dunia ilitetemeka zaidi ni tarehe 10 mwezi wa tisa 2008. Televisheni zilikaa na ile habari tangu asubuhi. Huko Madhya Pradesh, India, magazeti yaliandika kwamba msichana wa miaka 16 alijiua juu ya hofu, baada ya siku kadhaa za kuona kwenye televisheni kwamba mwisho unafika. Na siku ile hapakuwa na mgongano hata mmoja katika mpango wa kazi! Walikuwa wanazungusha tu protoni kwenye bomba kuona kama zinazunguka. Kazi ya siku ile ilijulikana, iliandikwa, na bado haikumfikia mtoto yule.

Sasa hofu yenyewe. Watu walidhani wanaoogopa walitunga. Hapana. Wanafizikia wenyewe walikuwa wameandika kwamba, kama ulimwengu una vipimo zaidi ya hivi tunavyoviona, nguvu ya uvutano ingeweza kuwa kali kabisa katika umbali mdogo sana, na mashini hii ingeweza kutengeneza mashimo meusi madogo kupita kiasi. Wengine walilitamani jambo hilo, lingekuwa ugunduzi mkubwa. Kwa hiyo mtu wa kawaida anasikia «shimo jeusi», anajua kwamba shimo jeusi la angani linameza nyota, anauliza: na hili je? Mimi sioni ujinga katika swali hilo. Ni swali ambalo ningetaka mwanafunzi wangu aulize kama ningekuwa asistanti.

Ripoti inajibu kwa hatua, na hatua zake hazina uzito mmoja.

Ya kwanza ni ya nadharia. Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba shimo jeusi linatoa mnururisho na kupungua, na likiwa dogo linapungua haraka zaidi. La mashini hii lingepotea hata kabla ya kutembea popote. Nzuri. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuona shimo jeusi likipotea hivyo. Kama ripoti ingeishia hapo, ingekuwa inatuambia tumwamini Hawking, na mama mukubwa angekuwa na haki ya kusema kwamba yeye pia ana mtu wake wa kumwamini.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nisimame na kutembea chumbani. Ripoti inasema: tufanye kama nadharia yote ya kupotea ni uongo. Haya. Angani kunatoka miale, chembe zenye kukimbia sana, zinazogonga hewa yetu usiku na mchana tangu dunia iwepo. Nyingi ni dhaifu, lakini zipo zenye nguvu kuliko chochote ambacho CERN itaweza. Mwaka 1991 huko Utah, Marekani, vyombo vilipima moja iliyobeba peke yake nguvu ya mpira uliorushwa kwa mkono, chembe moja ndogo kuliko atomu! Protoni mbili za CERN, zikigongana kwa nguvu yote ambayo mashini ilijengewa, zina nguvu ya mbu kumi na wanne hivi wanaoruka. Kwa hiyo migongano hii ambayo tunaogopa wazungu wataianzisha, mbingu imekuwa ikiifanya juu ya vichwa vyetu kwa mabilioni ya miaka, mara nyingi kuliko mashini hii itakavyofanya katika maisha yake yote.

Halafu ripoti inafanya kitu ambacho watetezi wake wengi hawafanyi: inachukua pingamizi la wapinzani kwa uzito. Wapinzani walisema, ngojeni. Mwale wa angani unagonga chembe iliyotulia, kwa hiyo kitakachozaliwa kitaendelea kukimbia, kitatoboa dunia kutokea upande wa pili na kwenda zake. Kwenye bomba la Geneva chembe mbili zinakutana uso kwa uso, kitakachozaliwa kinaweza kusimama, kikabaki ndani ya dunia yetu kikila pole pole. Pingamizi hili ni la akili. Si la odio.

Jibu lilitafutwa na Steven Giddings na Michelangelo Mangano katika kazi ndefu ya mwaka huohuo 2008, nayo ripoti inaiegemea. Walisema: basi tuangalie vitu vilivyobana kiasi kwamba hakuna kinachotoboa na kutoka. Kuna nyota kibete nyeupe, ambazo zina uzito unaokaribia wa jua katika ukubwa wa dunia. Kuna nyota za nyutroni, zilizobana kuliko hizo tena. Miale inazigonga hizo pia. Shimo jeusi lolote la hatari lingekwama mle ndani na kuzila, na kwa zile za hatari ya haraka lingezimaliza zamani. Lakini tunaziona bado ziko, zina umri wa miaka zaidi ya bilioni moja, zinawaka kimya. Kwa hiyo au mashimo hayo hayazaliwi, au yanazaliwa na hayaumizi.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo, nitarudi.

Nikiwa katika staji, kwenye tambarare ya Ruzizi, nilipewa kazi ya kusaidia wakulima waliosumbuliwa na viwavi jeshi kwenye mahindi. Dawa ilikuwa ya mililita 2 kwa lita moja ya maji, pompe ya mgongoni ilikuwa ya lita 15. Hesabu ya mtoto wa shule: mililita 30. Mimi niliandika 300. Koma ilinikimbia nikiwa nabadilisha vipimo kwenye karatasi, na nikaipiga muhuri kichwani mwangu kwamba imekwisha. Papa mmoja mwenye shamba akaangalia chupa, ya robo lita, akaangalia pompe, akaniuliza: «Agronomu, hii chupa muzima, na ingine juu yake, kwa pompe moya? Haitaunguza mahindi?»

Nikamjibu, na mpaka leo nasikia sauti yangu: «Papa, hesabu ni hesabu.»

Hakubishana. Alisema tu tuanze na mistari miwili ya pembeni, tuone. Baada ya siku tatu mistari ile miwili ilikuwa imeungua majani, rangi ya karatasi ya kaki. Shamba lingine lilikuwa kijani. Usiku nikarudia hesabu, nikaona koma. Na kumbuka kwamba ndiye angebeba ile pompe mgongoni, bila glovu, bila kitu puani.

Ndiyo sababu nilitembea chumbani. Ile hoja ya nyota kibete ni hoja ya papa wa Ruzizi. Haikuombi uamini karatasi ya mtu mwenye diploma. Inakuambia kwamba mistari ya pembeni imekwisha kupuliziwa, dozi kubwa kuliko hii, miaka mingi, nenda ukaangalie kama majani yameungua. Ni hoja ambayo mtu asiyejua hesabu anaweza kuishika mkononi. Ningeisifu ripoti kwa hilo kama naisifu kazi yoyote ya siansi niliyosoma.

Na ndipo panaponiuma. Hoja hii yenye nguvu kuliko zote haikuwa ndiyo iliyotoka nje kwa sauti. Iliyotoka ni dharau. Mwanafizikia mmoja maarufu wa televisheni ya Uingereza aliwajibu wenye hofu kwa tusi, na tusi likasambaa kuliko maelezo. Tribunali nazo hazikusaidia. Huko Hawaii, watu wawili walishtaki mwaka 2008 ili mashini isimamishwe. Jaji aliitupa kesi mwezi wa tisa juu hakuona kwamba mahakama yake ina mamlaka juu ya jambo lile. Uamuzi sahihi pengine, lakini kwa mtu wa kawaida ni kama kuambiwa «swali lako si la dirisha hili». Na ripoti yenyewe, mara inapoacha nyota, inaandika kwa lugha ya wenzao. Aya inayosema mistari ya pembeni iko kijani imefunikwa chini ya vipimo na alama ambazo zilinichukua wiki. Kama kazi ya kuelimisha watu, ningeipa pointi ndogo. Kama kazi ya kufikiri, kubwa.

Kuna kosa lingine, na hili si la ripoti ya 2008 peke yake, ni la kazi yote ya namna hii. Kabla ya mashini ndogo kuliko hiyo kuanza huko Brookhaven, New York, mwaka 2000, wanafizikia walichapisha hesabu kwamba hatari ya kuharibu dunia haizidi 1 kwa milioni 50. Ukisikia hivyo unatulia. Lakini fanya hesabu yako. Wakati ule dunia ilikuwa na watu bilioni 6. Gawanya kwa milioni 50. Inatoka 120. Yaani ni kama kukubali jaribio linaloweza, kwa wastani, kuua watu 120. Nani angetia saini? Kweli, ile namba ilikuwa kikomo cha juu, haikuwa makisio ya hatari yenyewe, na walioitoa walijua tofauti. Lakini waliposema na watu waliitoa kama faraja. Adrian Kent wa Cambridge alikosoa namna hii ya kuhesabu mwaka 2004, na aliyemkosoa mkosoaji kwa kumwita mwoga hakuwa amesoma.

Toby Ord na wenzake wawili wa Oxford wakaongeza, mwaka uleule wa 2008, jambo ambalo mimi nalijua kwa mwili. Hesabu ikikuambia kwamba hatari ni moja kwa bilioni, hiyo ni sahihi endapo hesabu yenyewe haina kosa. Na uwezekano wa hesabu ya wasomi kuwa na kosa ni mkubwa kuliko moja kwa bilioni. Mkubwa sana. Muulize papa wa Ruzizi. Kwa hiyo anayekuja na namba ndogo sana anapaswa kueleza pia ni nani mwingine amepitia hesabu yake, na huyo mwingine anakula wapi. Ripoti ya 2008 iliandikwa na watu watano, na wengi wao ni wa CERN. Ilipitiwa na kamati ya nje, nakubali, na Giddings alikuwa profesa wa California. Ila ningependa kuona ndani yake jina la mmoja tu aliyekuwa na hofu kweli, amepewa kalamu. Hakuna.

Sisi wa Congo tungekuwa na sababu zetu za kusikiliza hili. Mara ya kwanza wanafizikia walipokaa chini kuhesabu kama kazi yao itateketeza dunia ilikuwa katika mradi wa bomu la atomu. Edward Teller aliuliza mwaka 1942 kama joto la bomu linaweza kuwasha hewa yote, Hans Bethe akahesabu akaona haiwezekani, na hesabu kamili ikaandikwa kwenye ripoti ya mwaka 1946. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Hewa ya dunia ilipata wanahesabu wake. Wachimbaji waliolishika lile jiwe kwa mikono hawakuambiwa hata linakwenda kufanya nini. Simaanishi kwamba Geneva ni Shinkolobwe. Namaanisha kwamba mtu wa kwetu akiuliza «hiyo mashini haitatuua?», swali lake lina historia, hata kama yeye mwenyewe haijui.

Na kilichoharibika kweli? Siku tisa baada ya ile 10 mwezi wa tisa 2008, kiungo kimoja cha waya kati ya sumaku mbili, kilichounganishwa vibaya, kilishindwa kubeba umeme. Cheche ikatoboa chombo cha heliamu ya baridi kali, tani kadhaa zikamwagika ndani ya handaki, sumaku zaidi ya 50 zikaumia. Hakuna mtu aliyejeruhiwa. Mashini ikakaa zaidi ya mwaka bila kazi. Kiungo cha waya! Kila mmoja wetu mwenye kuishi na umeme wa kuunga unga anakijua kiungo cha namna hiyo. Ripoti ya usalama haikukitaja, na sikulaumu, haikuwa kazi yake, ilikuwa inaangalia kama dunia itabaki. Lakini nafikiri juu ya ile koma yangu.

Mwezi uliopita nilimrudia mama mukubwa. Nilimkuta anapima unga kwa kopo na kuufunga kwenye mifuko. Nikamwambia nimekuja kujibu lile swali la 2022. Alicheka, alidhani nimesahau. Nikamweleza miale ya angani, nyota kibete, na ili aelewe nikamweleza mistari miwili ya papa wa Ruzizi, koma na yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikubali nyota haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema kama mbingu ilikuwa inafanya hivyo tangu zamani na Mungu anaangalia, basi. Kisha akaniuliza:

«Na ule papa wa mahindi, ulimuomba musamaha?»

Nikasema bado. Akafunga mfuko mwingine, akaushikisha fundo kwa meno, akasema bila kuniangalia kwamba namba yake ya simu si ninayo.